Sauti Ifike Benchi la Nyuma

Mwalimu wetu wa biolojia hakuwa na imani na karatasi. Alikuwa anasema karatasi inabeba chochote unachoiwekea, hata usichokielewa. Nilipokua nikagundua kwamba hata angeitaka asingeipata, maana mwaka ule nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na kwenye lise yetu, shule ya sekondari, hata chaki ilikuwa inavunjwa vipande ili walimu wagawane. Walimu wengine waliandika maswali ubaoni, nasi tukajibu kwenye kurasa za nyuma za madaftari ya kaka zetu. Yeye akaamua biolojia itapimwa kwa mdomo mwaka mzima, na kwa mtindo wake mwenyewe ambao sijauona popote tangu hapo.

Mtindo wenyewe ulikuwa hivi. Tulikaa wawili wawili kwenye benchi. Alimwita mmoja ubaoni, kisha yeye akatembea hadi benchi la mwisho kabisa, akakaa, akauliza kutoka huko. Ukijibu vizuri, alama haikuwa yako, ilikuwa ya mwenzako wa benchi. Ukijibu ovyo, sifuri pia ilikuwa ya mwenzako. Na jibu lisilosikika mpaka alipokaa lilikuwa sawa na jibu ambalo halikutolewa. "Haijafika," alikuwa anasema, halafu anaandika sifuri na kuita mwingine.

Siku alipotueleza utaratibu huo tulipiga kelele darasa zima. Watoto wa mtaa wa Kiriri, waliokuwa wanaletwa shuleni kwa magari ya baba zao, walitishia kwenda kwa mkurugenzi wa shule. Mwalimu aliwaacha wapige kelele mpaka wakachoka, kisha akaanza kutupanga upya. Mtoto wa Kiriri akawekwa na mtoto wa mtaa wa chini, wa kaskazini na wa kusini, watu ambao nyumba zao hazikuwa zikitembeleana tena tangu vita vianze. Hakutoa sababu yoyote. Yeye mwenyewe alikuwa anakaa Mutanga Nord na kuja kwa miguu kila asubuhi, koti lake moja la kahawia likiwa limejaa vumbi la njiani kabla hata ya kushika chaki, na nadhani alishaona mengi barabarani yaliyomtosha.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Baba yangu alikuwa mchinjaji, na buchari yetu ilikuwa mbele ya nyumba, kwa hiyo nilikua nikipiga kelele na wateja, na mbwa, na nzi. Mdomo wangu haukuwahi kuwa na breki. Nilipewa mwenzangu wa benchi kutoka Mutakura, mtaa wa kaskazini, msichana mwembamba, mrefu, aliyekuwa akitembea kama anaomba radhi kwa ardhi. Nilipomsalimia siku ya kwanza sikusikia alichojibu. Nikamwambia arudie, akarudia, bado sikusikia. Hapo nikajua nimekwisha.

Na kweli, mtihani wa kwanza aliitwa yeye. Swali lilikuwa rahisi mno: tutajuaje kwamba kitu fulani kina uhai? Kila mtu darasani alikuwa analijua jibu kama jina la mama yake. Kinapumua, kinakula, kinakua, kinahisi, kinazaa, na kadhalika. Alisimama ubaoni, midomo ikacheza, mikono ikajificha nyuma ya sketi. Mwalimu alingoja kwa muda mrefu, muda mrefu kuliko alivyomngojea mtu mwingine yeyote.

"Haijafika," akasema mwishoni.

Sifuri yangu hiyo. Aliporudi kwenye benchi sikumsemesha, na mimi nisiposema ujue nimekasirika. Mchana nikamuuliza kwa hasira kama alikuwa hajasoma. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya kunong'ona msikitini: "Mi najua yote. Ila nikisimama pale, maneno inakimbia."

Kidogo kidogo akanieleza habari zake, na hasira ikaanza kunitoka, ingawa sikutaka itoke. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Aliishi Mutakura na bibi yake. Baba yake alikuwa dereva wa malori, akienda Tanzania na kurudi, na mipaka ilipofungwa alikuwa upande wa pili. Tangu hapo salamu zake zilifika kwa nadra, kwa mdomo wa madereva wengine. Kabla hajaondoka safari ile, alikuwa amemwambia binti yake neno moja zito. Mwaka uliotangulia binti alikuwa ameanguka darasani, na kilichomwangusha zaidi kilikuwa biolojia. Akianguka tena, shule basi, ataenda kwa shangazi yake mlimani akalime. Baba hakulisema kwa ukatili. Alikuwa anaona ada inayeyuka na vita haviishi.

Aliongeza pia kwamba baba yake hakuwahi kuhudhuria siku ya kutangazwa matokeo, hata mara moja. Alikuwa akimtania bintiye kwamba atakuja siku atakapoitwa mbele ya watu, maana hataki kupoteza mafuta ya gari kwa kwenda kusikiliza watoto wa wenzake wakiitwa. Mwenzangu alilisema jambo hilo huku akicheka kidogo, nami nikaona kwamba lilikuwa linamuuma.

Nilimweleza mama yangu kisa chote, nikilalamika kuhusu sifuri yangu. Mama hakunihurumia hata kidogo. Alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba mtu mwenye mdomo kama wangu alihitaji sana kukaa karibu na mtu anayefikiri. Kisha akasema: "Umulete hapa Jumamosi. Tumbo tupu haitoe sauti."

Basi akaanza kuja Jumamosi. Mtaa wetu ulikuwa bado unapitika kwa watu wa kila aina, na huo ulikuwa utajiri wetu mkubwa miaka ile. Watu waliokuwa hawawezi kukanyaga mitaa ya wenzao walikuja kwetu kununua nyama na kuuza mboga, wakisalimiana bila kutazamana sana machoni. Alifika asubuhi, akaondoka mapema ili apite vizuizi vya barabarani jua likiwa juu. Mama alimlisha wali na ndagala wa ziwani, na kumchokoza kwa maswali ambayo hayakuwa na uhusiano na shule, kama vile anaona mimi nitapata mume lini. Kwa mama yangu alijibu, na tena alijibu kwa sauti. Tulisoma kwa Kifaransa kama kitabu kilivyotaka, halafu tukafafanua kwa Kiswahili na Kirundi, mpaka ikaeleweka.

Nami nikaanza kuona jambo nililokuwa silioni darasani. Mimi nilikuwa kasuku. Nilijua kutamka fotosinthesis kwa madaha, ila ukiniuliza ni nini hasa kinachotokea ndani ya jani, nilikuwa naanza kupunga mikono. Yeye alikuwa akiona ndani ya vitu. Alinieleza mzizi unavyokunywa maji kwa mfano wa maharage ambayo mama aliyaloweka jioni na asubuhi yakavimba. Kila alichoeleza kilibaki kichwani. Nilikuwa namwonea wivu, na wakati huohuo namjivunia kana kwamba nimemzaa mimi.

Tulipofika kwenye mzunguko wa damu, mwalimu aliniita pembeni. Alijua baba yangu ni mchinjaji. Aliomba kama baba anaweza kutoa moyo wa ng'ombe kwa ajili ya somo, maana picha ya kwenye kitabu ilikuwa imeliwa na mende upande mmoja. Baba alifurahi kupita kiasi. Alichagua moyo mkubwa, akauosha, akaufunga kwenye jani la mgomba, na akatangazia wateja wote wa siku hiyo kwamba nyama yake sasa inasomwa lise.

Kabla ya kuupeleka shuleni, mwenzangu aliuliza kama anaweza kuuona. Ilikuwa Jumamosi. Baba akauweka juu ya meza yake ya kukatia, akampa kisu, akamwonyesha pa kupasulia. Nilidhani ataogopa. Alikunja mikono ya shati, akaufungua polepole kama mtu anayefungua zawadi. Akaingiza kidole chake ndani, kikapita kutoka chumba cha juu kwenda cha chini. Akajaribu kukirudisha kwa kukisukuma kutoka chini, na zile ngozi nyembamba zikakutana na kuziba.

"Angalia," akasema. "Iko na milango. Damu inapita, mulango unajifunga nyuma yake. Hata ingetaka kurudi, aiwezi."

Alisema kwa sauti kubwa. Wateja waligeuka. Baba, ambaye amepasua mioyo maisha yake yote, aliinama kuangalia ile milango, na akasema sivyo alivyofikiri. Nilimkazia macho mwenzangu nikamwambia kwamba anavyosema hivi hapa, ndivyo atakavyosema huko, na asipofanya hivyo nitamrudisha Mutakura kwa mateke. Akacheka mpaka akajifunika mdomo kwa mkono wenye damu, akabaki na alama nyekundu shavuni.

Jumatatu mwalimu alimwita. Sijui kama alijua au alibahatisha. Alimwekea moyo juu ya meza ya mbele, akatembea mpaka benchi la nyuma, akakaa. Akauliza kwa nini ukuta wa upande wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Mwenzangu aliushika moyo kwa mikono miwili. Hakututazama sisi, aliutazama ule moyo kana kwamba bado yuko kwenye meza ya baba yangu, na maneno yakatoka. Upande wa kulia unapeleka damu hapa karibu tu, kwenye mapafu. Upande wa kushoto unaipeleka mpaka kwenye kidole cha mguu, kwa hiyo unahitaji nguvu. Alieleza vyumba, akaeleza milango, akaugeuza tuone.

Mwalimu hakusema imefika. Hakuwa na desturi ya kusema hivyo, ikifika imefika. Aliandika tu, kisha akauliza swali la pili, na la tatu. Alama zangu zilipanda siku hiyo kuliko mwaka mzima. Aliporudi kwenye benchi nilimshika mkono chini ya meza. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka ninapotaka kumkumbuka. Mara nyingi nashindwa kuishia hapo.

Wiki chache baadaye, jioni moja, risasi zilianza upande wa kaskazini. Tulishazoea. Baba alifunga buchari, mama akatuita ndani, tukahesabiana na kukaa mbali na madirisha. Asubuhi moshi ulikuwa bado unaonekana, na watu wakasema ni Mutakura. Shule ilifungwa siku kadhaa. Ilipofunguliwa niliwahi, nikakaa kwenye benchi letu upande wangu, nikaacha upande wake. Hakuja. Kesho yake hakuja.

Sikio halilali na njaa. Siku ya tatu ya masomo nilirudi nyumbani nikamkuta mama anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Akaniambia nikae. Mwanamke aliyekuwa akiuza mboga sokoni Mutakura alikuwa amekimbilia kwetu, na asubuhi hiyo alikuwa amepita buchari. Alikuwa jirani yao. Alisema bibi hakuweza kukimbia, na mjukuu alikataa kumwacha. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafunika kwa kitenge chake. Walizikwa nyuma ya nyumba, na waliowazika hawakuwa na muda hata wa kuimba. Mama alieleza yote huku vidole vyake vikiendelea kutoa mawe kwenye mchele. Kisha akaacha, akaufunika uso wake kwa ungo ule ule, mchele ukamwagika.

Nililia, halafu nikakasirika, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Nilikasirikia Mutakura, nikamkasirikia bibi kwa kuwa mzee, nikamkasirikia yeye kwa kutokukimbia. Mtu aliyekuwa hawezi kusema neno ubaoni, siku hiyo alipata wapi sauti ya kukataa? Mpaka leo sijapata jibu, na sijaacha kumkasirikia.

Nilikwenda kwa mwalimu na kumwambia. Alinisikiliza amesimama, mkono kwenye mfuko wa koti. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Muzazi wake amekuja?"

Nilisema apana, baba yuko ng'ambo ya mpaka, na hakuna anayejua kama amepata habari. Mwalimu akatikisa kichwa. Basi jina linabaki, alisema. Ulikuwa utaratibu wa shule, na nilikuwa naujua. Mwaka uliotangulia walimfuta msichana mmoja wa darasa lingine baada ya watu kuapa kwamba amekufa, na baada ya miezi akarudi kutoka msituni na familia yake, amekonda, akakuta hayumo kwenye orodha. Alikaa chini ya bendera akilia na kuuliza ni nani aliyewaambia. Tangu hapo mkurugenzi akaamua kwamba mwalimu hafuti mtu. Anayefuta ni mzazi, aje mwenyewe aseme mwanangu hayupo. Kila asubuhi majina yalisomwa yote, na tulishazoea ule ukimya mdogo unaofuata baadhi ya majina.

Lakini kwenye biolojia jina lilikuwa na maana nyingine. Muhula wa tatu ulipoanza, mwalimu aliniita ubaoni. Akaenda kukaa nyuma. Akasema: "Swali la mwenzako."

Kukatokea minong'ono. Mtoto mmoja wa Kiriri akasema asiyekuwepo na lake halipo, na wengine wakaguna kukubali. Mwalimu alijibu bila kupandisha sauti kwamba methali hiyo ni ya karamu, hapa ni shule. Kisha akaniuliza kuhusu figo.

Nilijibu. Mungu anajua nilivyojibu. Tangu siku ile nilisoma biolojia kama nilivyokuwa sijasoma chochote maishani. Sikutaka tena kuwa kasuku, kwa sababu alama zilikuwa zake, na yeye asingejibu kikasuku. Nilijiuliza kila usiku angeeleza vipi, angechukua mfano gani kutoka jikoni. Niliitwa kuhusu figo, kuhusu mbegu, kuhusu macho ya mtoto kufanana na ya babu, na kila jibu lilipigwa kama ngoma mpaka likagonga ukuta wa nyuma. Upande wangu mimi, hapakuwa na wa kunijibia. Mwalimu alinichorea kistari kila mara, si sifuri. Nilikuwa na alama za muhula uliopita, alizonitafutia mwenzangu na ule moyo, na hizo zilinitosha kupita.

Swali la mwisho la mwaka aliniuliza siku ya mvua, maji yakigonga mabati, nikalazimika kupaza sauti zaidi. Aliuliza hivi: damu ikishatoka moyoni, kwa nini hairudi nyuma? Nilijua kwamba amelichagua. Nilitoa jibu la kitabu kwa Kifaransa, halafu nikalisema kwa Kiswahili, kwa maneno yake: iko na milango, damu inapita, mlango unajifunga nyuma yake, hata ingetaka kurudi haiwezi. Nilishikilia ukingo wa meza, nikamaliza sentensi, nikarudi kukaa upande wangu wa benchi.

Siku ya kutangaza matokeo wazazi walikaa uani kwenye mabenchi yaliyotolewa madarasani, nasi tukasimama kwa mistari. Kila mwalimu mkuu wa darasa alisoma waliopita na walioanguka, na kabla ya hapo, kama ilivyokuwa desturi ya shule yetu, alimtaja wa kwanza katika kila somo. Wa kwanza alikuwa anatoka mbele, anashikwa mkono na mkurugenzi, anapewa zawadi. Mwaka ule wa vikwazo zawadi ilikuwa mche wa sabuni, na tuliitamani kuliko medali. Mwalimu wa biolojia ndiye aliyekuwa mkuu wa darasa letu. Alisoma hesabu, akasoma Kifaransa, watoto wakatoka na kupokea. Kisha akasema biolojia, akasoma jina la mwenzangu.

Sikushtuka, nilikuwa nimeshakisia. Sisi darasa lake tulinyamaza, nadhani hata wale wa Kiriri walikuwa wameinamisha vichwa. Lakini kutoka kwa wazazi mtu mmoja alianza kupiga makofi.

Alikuwa mwanamume mrefu, amesimama nyuma kabisa, shati limefungwa vibaya, viatu vimejaa tope la safari. Sikuwahi kumwona ila nilimjua mara moja, kwa shingo ile, kwa mikono ile. Alikuwa anapiga makofi na kucheka na kulia. Aliwageukia waliokuwa jirani naye, watu asiowajua, akiwaambia: "Ni wangu. Huyo ni mutoto wangu." Nao, kwa heshima ya mzazi, wakapiga makofi pamoja naye.

Baadaye nilijua kwamba alikuwa amevuka mpaka siku mbili kabla. Alikuwa amekwenda Mutakura akakuta kuta bila paa, na ndani ya mtaa watu asiowafahamu. Mtu mmoja alimwambia kwamba leo lise zinatangaza matokeo. Akaona kwamba pale angalau watajua aliko. Alifika, akasimama nyuma, na jina la kwanza alilolisikia vizuri likawa la bintiye, wa kwanza. Nani asingeamini?

Alipita katikati ya watu mpaka mbele. Mkurugenzi, ambaye hakuwa akijua habari za kila mwanafunzi, alimshika mkono kwa furaha na kumkabidhi ile sabuni. Baba yule akaipokea kwa mikono miwili. Akaanza kuitazama mistari yetu, uso mmoja baada ya mwingine, akitabasamu.

"Iko wapi?" akauliza. "Mumuite aje achukue mwenyewe."

Mwalimu alikuwa amesimama na karatasi yake mkononi, amebadilika rangi. Hakuwa amewahi kumwona mzee huyu. Alifungua mdomo, na yeye, mtu aliyetaka kila kitu kisikike mpaka nyuma, hakutoa sauti. Nikatoka kwenye mstari. Sikuwa nimetumwa na yeyote. Ila kwa mwaka mzima ilikuwa kazi yangu kujibu swali lake.

"Baba," nikasema, "ni mi nilijibu. Alama ni zake, lakini ni mi nilikuwa najibu."

"Kwa nini asijibu mwenyewe?" alisema, bado tabasamu halijamtoka lote.

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba tangu Mutakura ichomwe hakurudi tena, na kwamba yuko jirani aliyewaona kwa macho yake. Aliuliza kuhusu bibi. Nikamwambia na bibi pia, walikuwa pamoja. Alibaki ameishika sabuni kifuani. Wazazi waliokuwa wamepiga makofi pamoja naye walikuwa wanatazama mikono yao.

Tulimpeleka darasani, mimi na mwalimu. Huko uani mwalimu mwingine aliendelea kusoma majina, na makofi yakawa yanatufikia kupitia dirishani. Njiani hasira ilinipanda nikamuuliza mwalimu kwa nini ulilisoma jina lake, kwa nini hukuliruka tu. Alinijibu kwa upole ambao uliniumiza zaidi. "Alama ni zake," alisema. "Ningempa nani mwingine?" Mimi ndiye niliyezitafuta.

Mabenchi mengi yalikuwa yametolewa nje, lakini letu lilibaki, na la mwisho pia. Baba yule aliuliza lipi lilikuwa la bintiye. Nikamwonyesha, akakaa upande wake, magoti yakiwa yamebanwa chini ya meza. Mwalimu aliweka orodha ya darasa mbele yake na kalamu, akamweleza taratibu, kwamba mzazi ndiye anayesema. Baba aliliangalia jina kwa muda mrefu. Hakuigusa kalamu. Akasema leo apana, atarudi siku nyingine. Mwalimu akaichukua orodha, akaenda kukaa benchi la nyuma, nadhani kwa sababu hakujua pengine pa kwenda.

Kisha baba akanigeukia, akaomba nimwambie maswali yote. Si matokeo, maswali. Nikasimama mbele yake nikayasema, figo, mbegu, macho ya babu, damu isiyorudi, na alipotaka nikamweleza na majibu. Nikamweleza na siku ya moyo wa ng'ombe, ambayo alijibu yeye mwenyewe, jinsi alivyoushika kwa mikono miwili na kutuonyesha milango. Hapo alinyoosha mkono kunisimamisha. Alikuwa akijua binti yake alikuwaje.

"Na sauti?" akauliza. "Siku hiyo, sauti yake ilifika?"

Nilitaka kujibu, maneno yakakimbia. Mimi, mwenye mdomo usio na breki. Kule nyuma benchi lililia kidogo, mtu akisimama.

"Ilifika," akasema mwalimu.